Immersive Reader kwa mtoto mwenye disleksia: uzoefu wangu

Mdogo wangu ana miaka 13 na ana disleksia, yaani ubongo wake unapata shida kusoma maandishi. Aliitwa mvivu miaka mingi kabla hatujajua shida yake ina jina. Akisoma, jicho linateleza: anamaliza mstari huu anajikuta wa tatu. Hapa kwetu Umoja, Nairobi, tulizoea kumwekea rula chini ya mstari na kuisogeza polepole.

Januari nilinunua laptopu ya mitumba Luthuli Avenue, nikajaribu Immersive Reader, zana ya kusomea ambayo imo ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft, na hailipiwi. Unafungua makala, unabonyeza kitufe cha F9, matangazo na makorokoro yote yanatoweka, yanabaki maandishi. Herufi unazikuza, unazitenganisha, na rangi ya ukurasa unabadilisha.

Nilidhani kitakachomsaidia ni sauti. Na sauti ni nzuri kweli: kuna Zuri na Rafiki, sauti za kompyuta zinazokusomea Kiswahili cha Kenya, na kasi unaipunguza upendavyo. Lakini kilichomfaa ni ile sehemu inayofunika ukurasa kwa giza ukabaki mstari mmoja tu, au mitatu, au mitano. Alichagua mmoja. Akawa anasoma, anabonyeza mshale wa kushuka, anasoma, anabonyeza tena. Nilikuwa nakata sukuma, nikaweka kisu chini nimtazame. Rula ilikuwa palepale mezani, hajaigusa.

"Dada, maneno yametulia," akaniambia.

Kuna kurasa ambazo hazifunguki kwa namna hii. Zuri na Rafiki nao wanategemea intaneti, kwa hiyo bando likiisha wananyamaza. Kinachoniuma zaidi ni noti za shule: zinatumwa WhatsApp zikiwa picha za daftari, na programu hii inataka maandishi, haisomi picha. Nimeomba zichapwe. Wiki ya tatu hii bado nasubiri, na mimi ndiye ninayezichapa usiku.

Mzazi, usimwachie mtoto atafute mwenyewe kwenye menyu. Menyu nayo ni kusoma, na kusoma ndiko kunakomshinda. Mimi nilipaka F9 rangi nyekundu ya kucha. Kwenye laptopu yetu lazima ushikilie na kitufe cha Fn, kwa hiyo Fn nayo nikaipaka. Zamani alikuwa akinisubiri nitoke kazini ndipo afungue kitabu. Siku hizi nikiingia saa moja usiku namkuta ameshaanza.