Siti ya baiskeli ya barabarani: pima upana kwanza, ulaini baadaye

Siti yangu ya kwanza niliichagua kwa kidole gumba. Niliibonyeza, ikazama kama godoro jipya, nikalipa. Saa ya kwanza barabarani ilikuwa raha tupu. Ya pili nikaanza kujisogezasogeza. Ya tatu nilikuwa nasimama juu ya pedeli kila baada ya dakika chache, ganzi imetambaa mahali ambapo hakuna mtu anayependa itambae.

Kilichoniumiza ni ulaini wenyewe. Sponji nene ikikaliwa, mifupa inazama, na sponji ya katikati haina pa kwenda ila kupanda juu na kusukuma msamba, sehemu ile laini inakopita mishipa ya damu na ya fahamu. Siti nzuri hufanya kinyume: hubeba uzito kwenye mifupa miwili ya kukalia, katikati ikapumzika. Orodha ya aina za siti inayofuata hapa chini nimeipanga kwa kigezo hicho. Uzito wa siti na sura yake nimeviweka nyuma.

Jipime kabla ya kuangalia siti yoyote

Unene wa mwili haukuambii lolote hapa. Kuna watu wembamba wenye mifupa iliyoachana sana, na wanene wenye mifupa iliyokaribiana. Wanawake kwa wastani huwa na nafasi kubwa zaidi kati ya mifupa hiyo, lakini wastani haununui siti.

Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya ngazi au kigoda kigumu na kifupi, magoti yapande juu kidogo. Kaa ukiwa umevaa nguo nyepesi, inama mbele kama umeshika usukani, jikandamize kwa nusu dakika. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Yasipoonekana vizuri, pitisha chaki kwa ubapa juu ya boksi, mabonde yatabaki bila rangi. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya lingine, kisha ongeza milimita 20 hadi 30. Mwenye milimita 118, kwa mfano, anaanzia siti ya upana wa 143 hivi. Anayeinama sana aongeze kidogo tu, kwa sababu mifupa hiyo hukaribiana kadiri inavyoelekea mbele. Anayekaa wima aongeze zaidi.

Ukiwa na namba hiyo, nusu ya siti zilizotundikwa dukani umeshaziondoa.

1. Siti fupi yenye uwazi katikati

Kwa mtu ambaye hajui aanzie wapi, aanzie hapa. Kampuni ya Specialized ilipotoa siti yake iitwayo Power mwaka 2015, watu wengi waliiona kama siti iliyokatwa pua. Urefu wake ni milimita 240, wakati siti za kawaida za mbio zilikuwa 270 hadi 280. Hiyo 240 ndiyo urefu wa chini kabisa unaoruhusiwa na UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli. Wa juu ni 300. Leo karibu kila mtengenezaji ana ya namna hii: Fizik wana Argo, Prologo wana Dimension, Selle Italia wana familia ya Boost.

Ufupi unasaidia kwa sababu ukishika usukani chini, nyonga huzunguka mbele na uzito hufuata. Kwenye siti ndefu, pua ndiyo inayokupokea, na inakupokea pabaya. Hapa hakuna pua ya kukugusa, na uwazi wa katikati unaondoa mgandamizo uliobaki. Upana pia hupatikana wa kuchagua. Power, kwa mfano, ipo ya 143, 155 na 168.

Kasoro yake ni kwamba ina sehemu moja tu ya kukaa. Mtu aliyezoea kusogea mbele kwenye kilima na kurudi nyuma kwenye tambarare atahisi amefungwa kamba. Tena usikimbilie toleo la ghali zaidi. Mara nyingi tofauti ni kaboni nyingi na sponji kidogo, yaani umelipa zaidi ili ukae pagumu zaidi. Toleo la kati, lenye reli (fito mbili za chini zinazoshikwa na kibano cha baiskeli) za chuma au titani, ndilo ninalowashauri wengi.

Wapo wanawake ambao kingo za uwazi huwakata au kuwavimbisha. Kwao, siti za muundo wa Mimic wa Specialized, ambazo sehemu ya mbele imejazwa sponji laini badala ya kuachwa wazi, zinafaa kujaribiwa kwanza.

2. Siti ndefu, bapa, yenye mfereji

Hii ndiyo sura ya jadi ya siti ya mbio. Fizik Arione ina urefu wa karibu milimita 300, na Flite ya Selle Italia imekuwapo tangu mwaka 1990. Inamfaa mwenye mgongo mwepesi, anayeweza kuinama bila kuzungusha nyonga sana, na asiyetulia sehemu moja. Hakikisha ina mfereji au uwazi. Ile iliyojaa moja kwa moja waachie waliokwisha kuizoea.

3. Ngozi iliyokazwa

Hapa nakiri nina upendeleo. Brooks B17 imekuwa ikitengenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, nayo haina sponji hata chembe: ni kipande cha ngozi nene kilichovutwa kati ya pua na mkia wa chuma, kama machela. Mwanzoni ni ubao. Baada ya kilomita mia kadhaa mifupa yako inachimba mabonde yake yenyewe, na kuanzia hapo siti ni yako. Ukimwazima mtu atairudisha.

Sasa mbona ipo ya tatu? Ina uzito wa zaidi ya gramu 500, wakati siti nyepesi za kaboni hazifiki 200. Upana wake wa milimita 175 unafaa usukani ulio sawa na siti au juu yake. Ukiwa na usukani wa chini sana, mapaja yatasugua kingo. Halafu ni kama mfugo, inataka kutunzwa. Ikilowa chapachapa isikaliwe hadi ikauke, nayo ikauke kivulini, si juani. Ipakwe mafuta yake juu na chini. Skrubu ya mbele ya kukazia ngozi izungushwe robo mzunguko tu, na mara chache mno. Kama huna subira hiyo, Brooks hao hao wana Cambium, ya mpira asilia uliofunikwa kitambaa cha pamba, isiyoogopa mvua wala kuhitaji mafuta.

4. Siti za printa ya 3D

Badala ya sponji kuna wavu wa plastiki inayonepa, uliochapishwa ili kila sehemu iwe na ugumu wake: imara chini ya mifupa, laini katikati. Ni raha kweli, na nisingeishusha hadi hapa kama isingekuwa bei. Matundu yake pia hunasa matope, na kuyasafisha ni kazi ya mswaki.

5. Siti isiyo na pua

Kampuni ya ISM ndiyo inayojulikana zaidi: vidole viwili vifupi mbele, katikati hewa tupu. Mwaka 2009 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilizipendekeza siti zisizo na pua kwa polisi wanaofanya doria kwa baiskeli, ili kuwaepusha na ganzi. Washindani wa triathloni, mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia, wanazipenda. Kwenye barabara ya kona nyingi utakosa pua ya kubana kwa mapaja unapoiongoza baiskeli, lakini ikiwa ganzi imekataa kuondoka kwenye kila siti nyingine, hii ipande hadi namba moja.

Ya mwisho kabisa: siti nene ya jeli na kifuniko chake

Kwa anayekwenda wima dakika 20, sawa. Kwa safari ya barabarani ya saa tatu, soma tena aya ya kwanza.

Angalia reli kabla ya kulipa

Reli za chuma na titani kwa kawaida ni za duara, milimita 7. Za kaboni huwa na umbo la yai, aghalabu 7 kwa 9, na kibano cha duara kinaweza kuzivunja. Kama kibano chako si cha umbo hilo, ama nunua kingine, ama achana na kaboni.

Siti nzuri iliyofungwa vibaya

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo muuzaji anayekubali kurudishiwa siti baada ya majaribio ana thamani kuliko punguzo. Ila kabla hujairudisha, hakikisha uliifunga vizuri.

Kimo kwanza. Zidisha urefu wa ndani wa mguu, kutoka sakafuni hadi msambani, kwa 0.883, kanuni hii ilienezwa na Greg LeMond, bingwa wa zamani wa Tour de France. Mguu wa sentimita 82 unatoa 72.4, kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na mikono ya pedeli (si ya pedeli yenyewe) hadi juu ya siti. Ni pa kuanzia tu. Mtu akikutazama kwa nyuma akaona makalio yanayumba kushoto na kulia, siti iko juu mno, na michubuko unayoilaumu kwa siti inatokana na hilo. Kisha weka pima maji juu yake. Anza ikiwa sawa, halafu inamisha pua nyuzi moja au mbili ukihisi ganzi. Ukizidisha utateleza mbele na kubeba mwili kwa mikono.

Ukihama kutoka siti ndefu kwenda fupi, usilinganishe pua na pua, utajikuta umekaa mbele kwa sentimita tatu. Tafuta kwenye kila siti mahali penye upana wa sentimita 8 na uzilinganishe hapo.

Maumivu nayo yana lugha yake. Yakiwa kwenye mifupa yenyewe, na siti ni mpya, yape wiki mbili. Yakiwa pembeni mwa mifupa, kwa ndani, siti ni nyembamba. Mapaja yakichubuka, pua ni pana au siti iko juu. Upande mmoja ukiuma peke yake, kagua kwanza kama siti imekaa kombo, kisha kama unakaa sawa wewe mwenyewe. Ganzi haivumiliwi hata wiki moja: badilisha kitu siku hiyo hiyo. Na kama unavaa chupi ndani ya bukta yenye pedi, ivue. Mishono yake huchubua ngozi kuliko siti yoyote niliyoitaja.