Pampu ya ngama kwa boti ndogo ya faiba: inafaa, ila boksi lake lisikuhadae

Pampu ya umeme ya volti 12, ya kutoa maji yanayokusanyika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, niliyoinunua Darajani, Zanzibar, kwa ajili ya boti ya faiba ya mita sita inayovusha abiria na samaki baina ya Mkokotoni na kisiwa cha Tumbatu, imefanya kazi msimu mzima wa masika, na inastahili fedha yake. Boksi linataja galoni 500 kwa saa, yaani karibu lita 1,900, lakini kipimo hicho huchukuliwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Mpira ukipanda hadi ukingoni mwa boti, na hasa ukiwa ule wenye mikunjo ndani badala ya mpira laini, kiasi hupungua sana. Hata hivyo kinatosha. Boti yenye eneo la mita kumi za mraba ikinyeshewa milimita 50 kwa usiku mmoja hubeba lita 500, nusu tani nzima, na hayo ndiyo yanayozamisha boti za watu zikiwa zimetia nanga, hali wenyewe wamelala.

Ndiyo maana swichi ya boya ina thamani kuliko pampu yenyewe. Ikiungwa kwenye betri kupitia fyuzi, bila kupitia swichi kuu, hujiwasha maji yakipanda na kujizima yakishuka.

Kasoro yake kubwa ni nyaya, ambazo ni fupi mno, hivyo viungo huangukia ndani ya ngama penye maji ya chumvi na shaba ikaota kutu ya kijani. Muuzaji, ambaye kwa mengine alikuwa muungwana hata akaturuhusu kuijaribu ndooni, hakulitaja hilo. Chujio nalo hunasa magamba ya samaki na vipande vya mshipi.

Kukausha boti, pampu hii haiwezi. Ikizima, maji yaliyobaki mpirani hurejea ngamani. Maji yakipwa na boti ikalalia ubavu mchangani, yaliyomo hukusanyika upande ambao pampu haiufikii. Hapo hufunguliwa kizibo cha tezi, yaani nyuma ya chombo, na vitundu vya mataruma, zile mbavu za boti, vikazibuliwa kwa kijiti ili maji ya omo, yaani ya mbele, yapate njia. Upo, yaani kata ya kutekea na kumwaga maji, ubaki chomboni.

Mwenye boti kubwa zaidi achukue ya galoni 1,100, na anunue mpira mpya, kwani mdomo wa pampu hiyo ni mpana kuliko wa hii.