Fulufremu ya kwanza kwa kazi za harusi: DSLR au mirolesi?

Umepiga harusi miaka miwili mitatu kwa kamera ya sensa ndogo (sensa ni kipande kinachonasa picha), zile za daraja la Canon 700D au Nikon D5300. Wateja wameongezeka, hela ya fulufremu moja, kamera ya sensa kubwa, imepatikana, na sasa hujui uelekee wapi: DSLR (kamera yenye kioo ndani) iliyotumika, au mirolesi (isiyo na kioo)? Kabla ya kutaja kamera yoyote nakuuliza hivi: ukishalipia bodi, yaani kamera bila lenzi, utabakiwa na shilingi ngapi za lenzi? Kama bodi inameza kila kitu na utaifunga lenzi dhaifu ya f/3.5-5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo), chukua DSLR na hela inayobaki iende kwenye lenzi. Kama unaweza kulipia mirolesi na bado ukanunua zumu (lenzi ya kuvuta) moja ya f/2.8, chukua mirolesi bila kusitasita.

Naandika kwa mtu wa kazi: harusi, sendofu, kicheni pati, komunyo, mahafali. Ni kazi inayoanza saluni asubuhi bibi harusi akipambwa na kuishia ukumbini saa sita usiku. Wa mandhari na wanyama wana hesabu zao nyingine.

Tuanze na jambo linalowapotezea watu hela. Ubora wa picha sio sababu ya kuhamia mirolesi. Nikon D750, DSLR ya mwaka 2014, ina megapikseli 24, Sony A7 III, mirolesi ya 2018, ina 24 pia, na ukichapa albamu kutoka zote mbili mteja hatajua ipi ni ipi. Tofauti iko kwenye kitundu cha kuchungulia na kwenye fokasi, yaani kulenga ukali wa picha.

Ndani ya DSLR mwanga unaopita kwenye lenzi unagonga kioo, unapanda juu na kukufikia jichoni. Unaona ukumbi ulivyo, huoni picha itakavyotoka. Mirolesi haina kioo hicho. Kitundu chake ni skrini ndogo inayoonyesha kile sensa inachokiona, pamoja na mwanga uliouweka, kabla hujabonyeza. Kwa harusi zetu hili ni jambo kubwa. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaa fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi unazama gizani huku gauni likitoka la kijivu. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama peke yake, kamera inafanya kinyume. Mzoefu wa DSLR anajua kufidia, lakini anakisia kisha anakagua skrini ya nyuma. Mwenye mirolesi anaona uso umezama, anazungusha kitufe, uso unarudi, ndipo anapiga. Ngozi zetu zimedhulumiwa na mipangilio ya kiotomatiki kwa miaka mingi, na sijaona kifaa kinachorahisisha kuzitendea haki kama kitundu hiki.

Ila ukitumia flashi, zima uigizaji huo wa mwanga kwenye menyu. Usipouzima, ukumbini unaweza kuchungulia giza tupu, kwa sababu kitundu hakihesabu mwanga wa flashi.

Fokasi nayo. Lenzi ya 85mm kwenye f/1.8, mtu akiwa mita mbili mbele yako, inakupa kina cha ukali (sehemu inayotoka wazi, mbele hadi nyuma) cha kama sentimita 6 tu. Akiinama kidogo kusaini cheti cha ndoa, jicho limetoka. Canon 6D, DSLR ya zamani, ina pointi 11 za kufokasi zilizojikusanya katikati ya fremu, kwa hiyo unafokasi kisha unasogeza kamera, na katika kusogeza ndipo ukali unapopotea. A7 III ina pointi 693 zinazofunika karibu fremu nzima, na inalishika jicho lenyewe na kulifuata. Tena mirolesi inafokasi kwa sensa ileile inayopiga picha, hivyo ule ugonjwa wa lenzi kufokasi mbele au nyuma ya unacholenga, ambao kwenye DSLR unatibiwa kwa kurekebisha kila lenzi, haupo.

DSLR imebaki na nini? Betri, kwanza. Kwa vipimo vya watengenezaji D750 inapiga picha 1,230 kwa chaji moja. A7 III inafika 710, na Canon RP, mirolesi pia, ni 250. Kwenye kazi halisi zote hupita hapo, lakini uwiano unabaki uleule, na umeme ukikatika ukumbini jenereta inaendesha muziki, si chaja yako. Pili, kuazimana. Dar es Salaam na Nairobi wapiga picha wengi wana lenzi za Canon za EF, mfumo uliopo tangu 1987. Mwenye bodi ya Canon anaweza kupata lenzi ya 70-200 ya rafiki kwa Jumamosi moja. Na kwa kuwa wengi wanahama, lenzi hizo zinauzwa kwa bei iliyoshuka.

Tatu ni leza, jambo ambalo miongozo ya ng'ambo hailigusii ipasavyo. Kumbi nyingi siku hizi zina mataa ya leza yanayozunguka na muziki. Mwale ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuunguza sensa, ukaacha mstari au nukta ya rangi kwenye kila picha baada ya hapo. Kwenye mirolesi sensa iko wazi muda wote kamera ikiwa imewashwa. Kwenye DSLR inafichwa na kioo mpaka unapobonyeza, au mpaka uingie kwenye video. Lakini huko mwale unaweza kupita kitunduni ukafika jichoni mwako, na jicho halina spea. Kamera iwe yoyote ile, ongea na DJ mapema aelekeze leza juu ya vichwa vya watu, na usiwahi kuzikabili ana kwa ana.

Sasa orodha yangu, nikichukulia unanunua iliyotumika.

Nafasi ya kwanza naipa Sony A7 III, kwa mtu asiye na lenzi za mfumo wowote. Ilipotoka bodi yake iliuzwa dola 2,000 hivi za Marekani, na sasa iliyotumika iko chini ya hapo kwa mbali. Ina nafasi mbili za kadi za SD, na harusi hairudiwi: kila picha iandikwe kwenye kadi mbili, basi. Video ya 4K ya fremu 24 kwa sekunde inatumia upana wote wa sensa, kwa hiyo kamera hiyohiyo inakuingizia kazi ya video. Inakoma kila baada ya dakika 29, na mahubiri marefu yatakukuta, basi bonyeza upya wakati wa pambio. Lenzi yake ya kwanza iwe Tamron 28-75mm f/2.8, iliyotengenezwa kwa ajili ya Sony mwaka huohuo wa 2018 na isiyo na bei ya kutisha. Faida hii ya Sony ni kubwa kuliko bodi yenyewe: imewaachia Sigma na Tamron mlango wazi, na ukitaka lenzi ya bei nafuu unaipata. Menyu yake ni ndefu na haina mpangilio mzuri. Kaa nayo jioni nzima, weka unavyovihitaji kwenye vitufe, kisha uisahau.

Canon EOS R6 ya mwaka 2020 ni ya pili kwenye orodha lakini ni ya kwanza kwako kama tayari una lenzi za EF. Adapta ya Canon ya kutoka EF kwenda RF (mfumo wa lenzi wa mirolesi za Canon) haina lenzi yoyote ndani, na lenzi zako zinafokasi vizuri sana, mara nyingi kuliko zilivyokuwa kwenye DSLR. Sensa yake inatulizwa kwa ndani dhidi ya mtikisiko wa mkono, hivyo 50mm f/1.8 yako isiyo na utulivu inaupata bure. Megapikseli 20 zinatosha albamu na bango. Ina kadi mbili. Kasoro yake ni joto: ukirekodi 4K kwa muda mrefu inachemka na kusimama, na kwa hali ya hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar hilo si jambo la kupuuza. Lenzi za RF zenyewe ni ghali. Sigma na Tamron waliruhusiwa kuingia mwaka 2024, lakini kwa lenzi za kamera za sensa ndogo, kwa hiyo panga kuishi na EF na adapta.

Kama hela haifiki huko, Nikon D750 ndiyo DSLR ninayoipenda kuliko zote kwa bei yake. Kadi mbili za SD, mshiko mzuri, inafokasi vizuri kwenye mwanga hafifu, na faili zake zinavumilia sana ukitaka kunyanyua vivuli kwenye kompyuta. Nunua na 85mm f/1.8G, na 24-70mm f/2.8 ikipatikana. Chagua lenzi zenye alama ya AF-S, maana zina mota ya kufokasi ndani, na siku ukihamia mirolesi ya Nikon zitafokasi kupitia adapta ya FTZ. Lenzi za zamani za AF-D hazifokasi zenyewe kwenye adapta hiyo. Ukiikuta Nikon Z5 kwa bei inayokaribiana na D750, chukua Z5: kadi mbili, sensa inayotulizwa, kitundu cha mirolesi. Kwa watu wanaocheza ni nzito kidogo kufokasi, ila kwa picha za kupanga ni nzuri sana.

Canon 5D Mark IV wengi wangeiweka juu zaidi. Ni kamera imara, megapikseli 30, na ukigeuza kwenda skrini ya nyuma inafokasi karibu kama mirolesi. Lakini ilitoka 2016 kwa dola 3,500, na wauzaji wengine bado wanaiuza ghali kwa sababu ya jina lake. Video yake ya 4K inakata sehemu kubwa ya fremu na faili zake ni nzito mno. Bei yake ikifika ya A7 III sioni sababu ya kuichukua, isipokuwa kabati lako limejaa lenzi za EF na hupigi video.

Kwa bajeti ya chini kabisa ipo Canon 6D ya 2012. Pointi ya katikati inafokasi gizani kwa uhodari, na picha zake za ISO 3200 (kiwango cha usikivu wa sensa kwa mwanga hafifu) bado zinapendeza. Ina kadi moja tu. Itumie kwa mahafali, picha za familia na studio, au iwe kamera ya pili kwenye harusi. Isiwe ya pekee.

Canon RP inavutia kwa sababu ni mirolesi ya fulufremu iliyotoka kwa dola 1,300 tu. Kwa kazi ya siku nzima siipendekezi: kadi moja, betri ndogo. Sony A7 ya kwanza na A7 II ziache, betri zao ni dhaifu na fokasi yao ni ya kizazi kilichopita. Nikon D600 iache pia. Ilijulikana kwa kurusha madoa kwenye sensa hadi Nikon ikatoa D610 yenye shata (pazia la mbele ya sensa) nyingine. Na DSLR mpya ya kwenye boksi usiitolee hela. Canon haijatoa fulufremu ya kioo tangu 1D X Mark III ya 2020, na Nikon iliishia D780 na D6 mwaka huohuo. Bei ya kitu kipya huipati tena ukiuza.

Dukani, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, au ukimwagiza mtu Dubai, nenda na kadi yako na laptopu. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, kuza picha, tafuta madoa. Yanayofutika ni vumbi, mistari ya rangi isiyohama ni leza. Funga kifuniko cha lenzi, piga sekunde kadhaa, tafuta nukta zinazong'aa. Hesabu ya shata kwenye Nikon inasomeka ndani ya faili ya picha. Kwa Canon nyingi utahitaji programu na waya. 6D ilitengenezwa kuvumilia mara 100,000, D750 mara 150,000, A7 III mara 200,000. Kwa mirolesi usiitegemee hesabu hiyo peke yake, kwa kuwa shata ya kielektroniki huhesabiwa tofauti kati ya kamera na kamera. Angalia mpira wa mshiko, mlango wa kadi, tundu la kuchajia.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu, na pwani kuvu ni wengi kwa sababu ya unyevu. Lenzi yenye kuvu usiichukue hata ikishushwa nusu bei, wala usiihifadhi mfuko mmoja na nyingine. Zako ziweke kwenye chombo kinachofunga, na pakiti za kukausha unyevu ndani.

Kwa Sony, fungua menyu kabla ya kulipa. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na huwezi kubadilisha lugha.