Dawa ya meno ya mtoto mdogo: ipi ununue hapa Nakuru

Simama kidogo kwenye duka la dawa hapa mjini utamsikia mama akiuliza: "Nipe Colgate ya mtoto, ile haina floraidi." (Sisi kila dawa ya meno ni Colgate, hata ikiwa ya kampuni nyingine.) Namwelewa. Floraidi ni madini yanayokinga jino lisioze, ila ikizidi hulitia rangi. Tumekua na watu wa Njoro na Elementaita wenye meno ya kahawia. Lakini rangi ile huletwa na maji yenye floraidi nyingi, tena huingia jino likiwa bado chini ya ufizi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni dawa ya mtoto yenye floraidi, ppm 1000 (yaani sehemu 1000 katika kila milioni). Geuza tyubu usome nyuma, picha ya katuni isikuhadae. Anza jino la kwanza linapochomoza, mara nyingi karibu na miezi 6, na hadi atimize miaka 3 weka kiasi cha punje moja ya mchele. Punje hiyo ina floraidi kama miligramu 0.1, hata akiimeza yote. Lita moja ya maji yaliyofika kikomo cha Shirika la Afya Duniani ina miligramu 1.5, na visima vingi vya huku kwetu vimepita hapo. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji yakipungua sufuriani floraidi hukolea zaidi. Mnyweshe ya mvua, au yaliyopita kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa.

Namba mbili ni ya wakubwa, ppm 1450. Ikiwa ndiyo iliyoko nyumbani, mpake alama tu, hata punje isifike. Shida yake ni mnanaa: mtoto ataukataa mswaki wiki nzima.

Isiyo na floraidi naiweka ya tatu, na mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote. Hapo mswaki ndio unaofanya kazi. Ya mkaa ya kung'arisha meno, mwachie mwenye duka.

Mswaki uwe wa kichwa kidogo na nywele laini, ushike wewe mwenyewe. Nunua na kikombe, maana chupa ya chai ya sukari kitandani hakuna tyubu itakayoishinda.

Kila mwezi inua mdomo wake wa juu. Ukiona mstari mweupe kama chokaa kando ya ufizi, jino limeanza kuoza. Mpeleke kwa daktari wa meno kabla halijatoboka.