Bunduki ya kuwindia kwa mtu anayeishi Dar: uzoefu wangu

Kwa mwindaji anayeishi Dar es Salaam, kinachoila bunduki ni nyumba kuliko pori. Msimu hufunguliwa Julai. Kusi inavuma, nyasi zimekauka, na kule Liwale ukielekea Pori la Akiba la Selous kinachokusumbua ni vumbi na mbung'o. Baada ya hapo bunduki inarudi mjini kulala sefuni miezi na miezi. Mimi nakaa Kigamboni. Upepo wa bahari unaingia dirishani na chumvi yake, bawaba za milango zinashika kutu, na masika ikifika hata chumvi ya mezani inalowa ndani ya kopo. Ndiyo maana nilipotafuta bunduki ya bolti (ile komeo ya chuma unayoivuta na kuisukuma kwa mkono kila risasi) inayohimili hali ya hewa niliifikiria sefu yangu kwanza, pori baadaye.

Niliyokuwa naitumia kabla ilikuwa na kitako cha mti wa walnati na mtutu wa chuma cheusi cha kawaida. Nzuri kuitazama, na bado naipenda. Lakini mti ni mti: ukinywa unyevu unavimba, ukivimba unaugusa mtutu, na mtutu ukisukumwa upande mmoja risasi haiendi tena pale ilipokuwa ikienda wakati wa kaskazi. Kila masika ikipita ilinibidi nirekebishe shabaha upya. Na ule weusi wa chuma ambao wengi wanaudhani ni rangi ya kinga, ni aina ya kutu iliyotengenezwa kiwandani kwa makusudi. Bila mafuta juu yake hauzuii kitu cha maana.

Dukani kuna mengi ya kuangalia. Kuna vitako vya mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Hivyo havivimbi kirahisi, ila ni vizito. Kuna mitutu ya chuma cha kawaida iliyopakwa Cerakote, rangi yenye kauri ndani yake. Kinga yake ni nzuri sana pale ilipofika, lakini ndani ya mtutu haipakwi. Halafu kuna stenlesi yenye kitako cha plastiki ngumu, na hiyo ndiyo niliyochukua: Tikka T3x Lite ya stenlesi, ya risasi .30-06.

Tikka hutengenezwa na kampuni ya Sako, mjini Riihimäki, Finland. T3 ilitoka 2003, na T3x ikafuata 2016 ikiwa na marekebisho ambayo mtu wa porini anayaona: tundu la kutolea ganda lilipanuliwa, na kile kipande kinachopokea mshindo ndani ya kitako, ambacho zamani kilikuwa cha alumini, kikawa cha chuma. Bolti yake inateleza vizuri kuliko nyingi nilizoshika, na inanyanyuliwa nyuzi 70 tu, kwa hiyo vidole havigongi darubini. Magazini ni ya plastiki na inabeba risasi tatu. Wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo. Kwangu mimi wa pwani, kila kipande cha plastiki ni kipande kimoja kisichoweza kushika kutu.

Jambo moja ninalomshauri kila mnunuzi alifanye kabla ya kulipa: achukue noti, aipitishe kati ya mtutu na kitako, aivute kuelekea kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ikipita bila kukwama, mtutu uko huru. Hii yangu inapita, na tangu niipate masika haijanisogezea shabaha.

Sasa nizungumzie stenlesi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapouziwa matumaini. Chuma hiki kinajilinda kwa sababu kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa inajifunika utando mwembamba usioonekana. Utando ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe. Adui yake mkubwa ni kloridi, na kloridi ndiyo iliyojaa kwenye chumvi ya bahari. Inautoboa utando sehemu ndogondogo, kutu inachimba kwenda chini, na juu unaona kidoa tu cha rangi ya chai. Tena stenlesi haifanani yote. Vijiko na masinki kwa kawaida ni aina ya 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Mitutu mingi ya stenlesi ni ya jamii ya 416, yenye kromiamu kama asilimia 12 na salfa iliyoongezwa ili chuma kichongeke vizuri. Kwa hiyo mtutu wako unaweza kushika kutu mapema kuliko kijiko cha jikoni kwako. Nikisikia muuzaji anamwambia mteja wa Kunduchi au Mbweni kwamba stenlesi haitaki matunzo, roho inaniuma, kwa sababu mteja huyo ataamini, ataiweka, na ataifungua Julai akiwa na safari kesho yake.

Kinachotangulia kuharibika, hata hivyo, mara nyingi si mtutu. Ni vitu vidogo: skrubu za vishikio vya darubini, springi, pini ndani ya kifyatulio, vitanzi vya mkanda. Vingi ni chuma cha kawaida hata kwenye bunduki iliyoandikwa stenlesi. Vishikio nilivyouziwa mwanzoni vilianza kuota wekundu kwenye skrubu masika ya kwanza tu, huku mtutu uking'aa kama kawaida. Nilibadilisha vyote. Ukinunua, uliza skrubu ni za chuma gani, na kabla ya kufunga zipake grisi kidogo.

Halafu kuna kiyoyozi. Ukiitoa bunduki kwenye chumba cha baridi ukaifungua barazani mchana wa Machi, chuma kinatoka jasho palepale, nje na ndani ya mtutu, mpaka kwenye kifyatulio ambako kitambaa hakifiki. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue. Vilevile usiihifadhi ndani ya lile sanduku la sponji, maana sponji inashika unyevu na kuubana juu ya chuma. Sanduku ni la safari. Sefuni bunduki inasimama bila kufunikwa, na pembeni kuna vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo vikishiba navikausha na kuvirudisha.

Mwindaji bingwa mmoja mstaafu aliyenifundisha kazi, mzee wa Kilwa, alikuwa akiniambia, “Mwanangu, usiilaze na jasho lako.” Jasho nalo ni chumvi. Naifuta kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila ninapoigusa, iwe nimepiga au sijapiga. Mafuta yawe kidogo: ukiyajaza kwenye kifyatulio, porini yanakamata vumbi na kuwa tope. Na kabla ya kupiga, chemba na mtutu vikaushwe kabisa, maana chemba yenye mafuta inaongeza msukumo wa ganda juu ya bolti.

Wepesi wa bunduki hii nao una gharama. Ina kama kilo 3 bila darubini, na .30-06 ni risasi ya nguvu tangu jeshi la Marekani lilipoipokea mwaka 1906. Mateke yake unayasikia begani, hasa ukipiga umekaa mezani kwenye shabaha. Ukiwa umesimama porini, mnyama mbele yako, huyakumbuki. Kwa siku nzima ya kutembea nimependa kubeba kilo hizo tatu kuliko mzigo wa bunduki ya mbao. Ukiipata, chagua stenlesi ya kufifia, isiyong'arishwa, maana iliyong'arishwa inamulika juani na kongoni hangoji.

Kabla ya yote haya kuna karatasi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 huwezi kumiliki bunduki bila leseni, na leseni ya silaha haikupi ruhusa ya kuwinda. Hiyo ni nyingine, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ujue pia unakwenda wapi: sehemu kubwa ya kaskazini ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na humo hakuna kuwinda.

Kwa swala, ngiri, kongoni na nyumbu, bunduki hii inanitosha na sitafuti nyingine. Kwa nyati haifai hata kidogo. Huko anzia risasi ya .375, ile ya Holland & Holland ya mwaka 1912 ikiwa bado inaaminiwa na wengi, na utafute bolti yenye ukucha mkubwa wa Mauser unaolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Ruger Hawkeye na Winchester Model 70 zinao, na zote mbili zimetengenezwa pia kwa stenlesi.