Uzoefu wangu na Apache Wicket: data tupu kwenye daftari la dagaa, Kigoma

Naanza na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Katika kuonyesha data yenye mapengo, Apache Wicket ndiyo fremuweki (kiunzi cha kujengea programu za wavuti) ya lugha ya Java iliyonipa utulivu kuliko zote nilizowahi kuzigusa. Katika kuipokea data hiyo na kuihifadhi, ni lazima uijue tabia yake, maana kuna mahali inapiga kelele na kuna mahali inanyamaza, na huko inakonyamaza ndiko hasara iliko.

Kazi yenyewe ni mfumo wa kivinjari wa kuandikisha dagaa na migebuka wanaoshushwa mwaloni Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma mjini. Walioomba ni wenye boti. Kila alfajiri karani anajaza boti, nahodha, kilo za dagaa, kilo za migebuka na bei ya asubuhi ile. Ukiambiwa hivyo unaona ni fomu ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Ugumu unaanzia ziwani. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na taa zinafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawajikusanyi kwenye mwanga, kwa hiyo boti zinalala, watu wanashona nyavu. Sasa kisanduku cha kilo kinaweza kukosa namba kwa sababu tatu. Boti haikutoka. Au ilitoka, ikarudi kapa. Au imeshusha mzigo mzuri tu, ila wachuuzi wameugombea ukaisha kabla mzani haujafika. Ya pili ni sifuri halali kabisa. Ya kwanza na ya tatu si sifuri, na zenyewe kwa zenyewe hazifanani.

Mfumo uliokuwepo kabla ulizitia zote kapu moja, 0. Ukiufungua ndani unaona kwa nini. Kilo zilitangazwa kama `double`, aina ya Java isiyoweza kubeba `null`, yaani alama ya "hakuna kitu". Tena zilisomwa kwa `getDouble` ya JDBC, njia ya Java ya kuongea na hifadhidata, ambayo ikikuta NULL kwenye hifadhidata inakurudishia 0 bila kuguna. Ukitaka ukweli lazima uiulize kwa `wasNull`, na huko hakuna aliyeuliza. Matokeo yake yanaonekana kwenye wastani. Chukua boti tatu: moja imeleta kilo 40, moja imerudi kapa, ya tatu haikupimwa. AVG, hesabu ya wastani ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), inairuka NULL lakini sifuri inaihesabu, kwa hiyo jibu sahihi ni 20. Geuza pengo liwe 0, wastani unashuka hadi 13.3. Hapo mnunuzi ameshapata hoja ya bei, na mwenye boti hana la kujibu.

Mzee mmoja mwenye boti mbili aliiona ripoti yake kwenye simu akaniita pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hizi sifuri ni za nini? Wiki ile mbalamwezi ilikuwa kali, boti zangu zilikuwa juu ya mchanga. Huyu atakayesoma hapa si atasema vijana wangu hawajui kuvua?"

Hitaji la mfumo mpya nililipata hapo, wala halikuhitaji kikao kingine.

Sasa Wicket. Ilianzishwa na Jonathan Locke mwaka 2004, ikawa mradi kamili wa Apache mwaka 2007, kwa hiyo si kitu cha jana. Msingi wake ni kwamba kila komponenti kwenye ukurasa, iwe maandishi, kisanduku au orodha, haishiki data moja kwa moja. Inashika modeli, na modeli ndiyo inayojua data inapatikana wapi. Komponenti inaita `getObject`, inachukua kilichopo. Kama hakuna kitu inapewa `null`, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda: `Label` ikipewa `null` inachora nafasi tupu, basi. Ukurasa haufi.

`PropertyModel` inakwenda mbali zaidi. Ukiandika njia kama `boti.mmiliki.simu`, inashuka hatua kwa hatua, na ikikuta boti haina mmiliki aliyeandikishwa inaishia hapo na kurudisha `null`. Kwa Java ya kawaida mnyororo ule ule unakurushia `NullPointerException`, hitilafu ya kugusa kitu kisichokuwepo, na kama si masharti matatu ya `if` yaliyopandiana basi ukurasa mzima unaanguka kwa sababu ya namba moja ya simu. Mwaloni boti zisizo na mmiliki kwenye daftari ni nyingi: za mirathi, za kukodi, za watu walioko ng'ambo ya ziwa. Orodha yote inachorwa vizuri, wasiojulikana wanabaki weupe. (Tony Hoare, aliyeingiza rejeo tupu, hiyo `null`, kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, mwaka 2009 aliliita kosa lake la dola bilioni. Sisi wa Java tungali tunalipa marejesho.)

Lakini nafasi nyeupe nayo haisemi kitu. Mzee wangu akiona weupe badala ya sifuri, amepata nafuu nusu tu. Hapa Wicket 8 ya mwaka 2018 ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa, kwa sababu `IModel` ilipata `map`, `filter`, `flatMap` na `orElse`. Safu ya kilo kwenye ripoti yangu inasomeka hivi:

`kilo.map(k -> k + " kg").orElse("haijapimwa")`

`map` ikikuta `null` haiiti kazi uliyoipa, inapitisha pengo mbele, na `orElse` ndiyo inayolivalisha maneno. Boti iliyorudi kapa inaandikwa `0.0 kg`, ambayo haikupimwa inaandikwa hivyo hivyo kwamba haijapimwa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba modeli inayotoka kwenye `orElse` haiandikiki. Ukiichomeka kwenye kisanduku cha fomu, wakati wa kuhifadhi itakurushia `UnsupportedOperationException`. Kuna wanaolalamika kuhusu hilo. Mimi naona ni kinga: neno la kupambia skrini haliwezi kurudi kinyemela likaingia kwenye hifadhidata na kujifanya data.

Wengine watauliza kwa nini nisitumie `Optional` ya Java yenyewe, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014. Itumie ndani ya njia zako upendavyo, ila usiiweke kama sehemu ya ukurasa wa Wicket. Wicket inahifadhi kurasa kwa kuziserialaizi, yaani kuzigeuza mfululizo wa baiti, ili mtu akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma azikute, na `Optional` haikubali kuserialaiziwa. Unapata `NotSerializableException`.

Kuandika ni habari nyingine. Mwanzo ni mzuri: kisanduku cha maandishi kikiachwa wazi, Wicket inakigeuza kuwa `null` yenyewe, na kwa kuwa inakata nafasi za pembeni kabla, hata karani aliyegusa kitufe cha nafasi kwa bahati mbaya anapata matokeo hayo hayo. Kwa kilo, hicho ndicho ninachotaka. Sharti ni moja, uwanja uwe `Double` yenye D kubwa. Ukiacha `double`, Wicket inakataa kuingiza `null` kwenye aina ya msingi na inakutupia `ConversionException`. Kelele hiyo naikaribisha, maana kama ingeweka 0 kimyakimya tungerudi kule kule kwenye malalamiko ya mzee.

Sababu ya pengo niliiweka kwenye orodha ya kuchagua, `DropDownChoice` yenye chaguo za "Haikutoka", "Imetoka" na "Mzani haukuwahi". Hapa kuna swichi inayoitwa `setNullValid`. Ukiiacha kwenye `false` na hakuna kilichochaguliwa, karani anaona mstari wa kumtaka achague, na akishachagua na ukurasa ukachorwa upya mstari huo unaondoka. Ukiweka `true`, mstari mtupu unabaki siku zote na ni jibu halali. Nimeiacha `false` na kuongeza `setRequired(true)`: kilo inaruhusiwa kuwa tupu, sababu hairuhusiwi. Maneno ya mstari ule yanakuja kwa Kiingereza, lakini unayabadilisha kwenye faili la properties kwa ufunguo `null`, na ule wa `nullValid` kwa hali ya pili. Yangu yanasema "Chagua hali ya boti". Makarani hawakuuliza swali.

Pia kuna mizimu. Ile `PropertyModel` inayoishia kwa upole ikisoma, ikiandika inakuwa na ari ya ajabu. Karani akijaza namba ya simu kwenye `boti.mmiliki.simu` wakati mmiliki hayupo, Wicket inaumba mmiliki mpya kwa konstrakta isiyo na vigezo, kisha inampachika namba. Kwa Hibernate (maktaba ya Java ya kuhifadhi vitu kwenye hifadhidata) iliyowekewa cascade, yaani kuhifadhi kitu pamoja na vilivyofungwa nacho, unajikuta na safu ya mmiliki asiye na jina wala kijiji, mwenye simu tu. Bila cascade, Hibernate inakataa kuhifadhi kwa kuwa haimtambui. Kwa fomu fupi tabia hii inasaidia. Kwenye daftari ambalo siku moja litatumika kuamua boti ni ya nani, nimeipiga marufuku: mmiliki anaandikishwa kwenye ukurasa wake.

Jambo lililonikera hasa ni `LambdaModel`. Watu wengi wameikimbilia, nami nikiwemo, kwa sababu badala ya njia iliyoandikwa kama maandishi unatumia `Boti::getMmiliki` na kompaila inakukagua. Usomaji wake ni salama kama wa `PropertyModel`. Ila ukiipa modeli lengwa, yaani modeli inayoshika kitu cha kuandikiwa, na kilichomo ndani ya lengwa hilo ni `null`, kuandika kunapita bila neno: haiumbi kitu, hairushi hitilafu, haihifadhi. Karani amejaza, amebonyeza Hifadhi, ukurasa umerudi safi, na namba imepotelea hewani. `PropertyModel` kwa hali hiyo hiyo ya lengwa tupu inarusha hitilafu inayotaja hadi jina la uwanja na thamani uliyojaribu kuweka. Zote mbili zinatoka mradi mmoja, zinafanya kazi moja, na zinatofautiana kwenye jambo ambalo mtumiaji wa mwisho hawezi kuligundua. Nilitegemea walau onyo kwenye logi.

Mwaloni hali hiyo si ya kufikirika. Karani wa Kibirizi anafungua rekodi. Msimamizi, kwenye simu yake, anaifuta kwa sababu imeandikwa mara mbili. Nilikuwa napakia rekodi kwa `LoadableDetachableModel`, ambayo naipendekeza kwa moyo wote: inasoma hifadhidata mara moja kwa kila ombi, kisha inaachia, kwa hiyo seva yangu ndogo haibebi mizigo ya watu kumbukumbuni. Ikisoma `null` inaikumbuka hiyo `null` kwa ombi zima, haiisumbui hifadhidata tena. Lakini rekodi ikishafutwa, karani akiupakia upya ukurasa ule anaona fomu safi nyeupe kana kwamba anaanza boti mpya. Upole wa kusoma umegeuka mtego. Dawa niliyoiweka ni ya mistari michache ndani ya `onConfigure`: kama `getModelObject` ni `null`, fomu inafichwa na linatokea bango la "Rekodi hii imefutwa". Kwa kurasa zinazofunguliwa kwa kiungo natumia `AbortWithHttpErrorCodeException` yenye 404.

Kipindi cha Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, uvuvi ziwani ulipositishwa ili samaki wazaliane, ndicho kinachoonyesha muundo huu unafaa kwa nini. Ukiingiza miezi ile kwenye daftari inabaki mitupu, haiingii kwenye wastani wa mtu, na grafu inakatika pale na kuanza tena badala ya kulala chini kwenye sifuri.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ule ukimya wa `LambdaModel`, na kidogo kwa nyaraka, ambazo kwa mada hii zimetawanyika hadi unaishia kusoma msimbo wenyewe wa Wicket. Bahati nzuri unasomeka. Anayeanza leo, Wicket 10 ya mwaka 2024 inahitaji Java 17 na imehamia Jakarta, majina mapya ya maktaba za seva za Java, kwa hiyo maktaba za zamani zinazotegemea `javax.servlet` hazitaingia, faida ni kwamba Java hiyo, pale `NullPointerException` inapotokea, inakutajia ni kipi hasa kilichokuwa tupu. Mwenye seva iliyokwama kwenye Java 11 abaki na Wicket 9. `map` na `orElse` zimo.