Viatu vya kamba vilivyoniaibisha mvuani

Hasira hizi ninazo tangu kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, sikumbuki vizuri. Nilikuwa Hispania, mji mdogo wa pwani ya Catalonia, nikanunua espardenya, vile viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba. Siku ya tatu mvua ikanikuta njiani, dakika kumi tu. Soli ikanywa maji ikavimba kama andazi. Nilipovianika, uzi wa kisiginoni ukakatika na kamba ikaanza kujizongoa. Mtu mzima natembea mjini naburuta mkia!

Nikarudi dukani. Dada wa kaunta hata kukigusa kiatu hakutaka. Alikitupia jicho, akaniuliza, "Kwani hukujua haviingii majini?" Ningejulia wapi? Siku ile anapokea pesa zangu mdomo ulikuwa na kazi gani? Nikamwomba wanishonee, nitalipa. Akamgeukia mteja mwingine.

Kinachoniuma ni yule mzee wao aliyekaa mlangoni siku niliponunua. Bibi yangu alikuwa mshona mikeka, kwa hiyo nilisimama kumtazama. Anachukua msuko wa juti, nyuzi zilezile za magunia, anauzungusha mezani kufuata umbo la unyayo, kisha anautoboa kwa sindano ndefu kama shazia, ubavu hadi ubavu, usifumuke. Yeye na bibi wangeelewana bila hata lugha. Zamani walisuka kwa esparto, nyasi ngumu ya huko, ndiyo iliyozaa hilo jina espardenya. Katika pango moja la Albuñol, Granada, vimepatikana viatu vya nyasi hiyo vyenye zaidi ya miaka 6,000. Miaka 6,000, na changu siku tatu!

Halafu kazi yenyewe ina jasho la watu. Ng'ambo ya milima ya Pyrenees, Mauléon huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19 wasichana wa Navarra na Aragon, upande wa Hispania, walikuwa wakivuka milima kwa miguu kila vuli kwenda kushona viatu hivi, na baridi ikiisha wanarudi kwao. Wakaitwa mbayuwayu. Leo anakaa mtu kaunta anashindwa kusema sentensi moja: usivivae mvuani.

Ila nisiwe mnafiki. Jua likiwaka viatu hivi havina mpinzani. Mguu unapumua, hatua haisikiki. Na havina kulia wala kushoto; baada ya siku mbili kila kimoja kimejichagulia mguu wake.

Nimekishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Kimekaa upande kidogo, lakini nakivaa, hata sasa ninapoandika ninacho. Nyota moja. Haya, mbili. Tatu, kwa heshima ya yule mzee. Dukani kwao sirudi ng'o, labda nisikie yule dada yuko likizo.